Ombi la Habari Lipokelewe Wadini

Mkazi wa wadi ya Kivaa akitaka kujua kandarasi ya kuchimba silanga ya kijiji chake ilipewa nani na kwa shilingi ngapi, mahali pa kwanza anapobisha hodi ni ofisi ya msimamizi wa wadi. Kumwambia "nenda Machakos" ni rahisi, ila kunamgharimu nauli ya kwenda na kurudi, na huenda ombi likaishia hapo mlangoni.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa Serikali, na Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016 inaeleza utaratibu. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili. Asiyejua kuandika, tuseme mzee anayejieleza kwa Kikamba tu, hafukuzwi: afisa humsikiliza, huliandika ombi lake na kumpa nakala. Nakala hiyo yafaa kugongwa muhuri wenye tarehe, maana siku huhesabiwa tangu ombi lilipopokelewa. Swali la "unazitakia nini?" halina nafasi, kwani sababu ya mwombaji haimwondolei haki. Kuwasilisha ombi hakulipiwi. Kinachoweza kutozwa ni gharama ya kadiri ya kutoa nakala.

Jibu linatakiwa ndani ya siku 21. Habari ikihusu uhai au uhuru wa mtu, ni saa 48. Stakabadhi zikiwa nyingi mno, muda unaweza kuongezwa mara moja tu, kwa siku zisizozidi 14. Kukaa kimya hakumwokoi afisa: siku zikipita bila jibu, sheria huhesabu kwamba ombi limekataliwa.

Faili ya kandarasi ikiwa makao makuu, kuitafuta ni kazi ya serikali ya kaunti, si ya mwombaji. Mambo ni tofauti habari zikiwa kwa taasisi nyingine. Swali kuhusu Bwawa la Masinga, kwa mfano, ni la TARDA. Hapo ombi huhamishwa ndani ya siku 5, na mwombaji huarifiwa kabla ya siku 7 kuisha. Zile siku 21 hazianzi upya. Zinaendelea kuhesabiwa tangu ombi la kwanza.

Si kila kitu hutolewa. Rekodi ya mgonjwa wa zahanati ni siri yake. Idadi ya dawa zilizoletwa katika zahanati hiyo si siri ya mtu yeyote.

Anayekataliwa aelezwe sababu kwa maandishi. Ana siku 30 tangu kuarifiwa kupeleka lalamiko kwa Tume ya Haki ya Utawala, ambayo wengi huiita Ombudsman. Naye afisa anayekataa kupokea ombi, au asiyemsaidia mtu asiyejua kuandika, anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 50,000, kufungwa hadi miezi 3, au yote mawili.