Debe la Mahindi: la Nguruwe au la Mtoto?

Ifikapo mwezi wa Februari, maghala mengi ya Mbinga huanza kupungua. Mahindi mapya bado yako shambani. Lakini bandani mna nguruwe, naye anataka kula. Debe lililobaki apewe nani?

Tufanye hesabu. Debe la mahindi lina kilo 20 hivi. Nguruwe hula kilo 4 za nafaka, au zaidi, ili aongezeke kilo 1. Basi debe zima litamwongezea kilo 5, pamoja na mifupa na matumbo. Debe hilo hilo likisagwa huwalisha watu 5 ugali kwa wiki nzima.

Je, tuache kufuga? Hapana. Mpe nguruwe vitu ambavyo watu hawali: pumba, maganda ya ndizi, majani yaliyozeeka ya viazi vitamu. Hapo hamnyang'anyi mtoto chakula, na samadi yake hustawisha kahawa. Mfungie bandani. Nguruwe anayezurura hula kinyesi cha watu, na humo hupata mayai ya tegu.

Wengine hudharau maharage, eti ni chakula cha bwenini. Kilo ya maharage makavu ina protini nyingi kama kilo ya nyama, na protini ndiyo hujenga mwili. Yakiliwa na ugali wa mahindi hufaa zaidi. Wamatengo hupanda vyote viwili katika ngoro zao, maharage kwanza, kisha mahindi. Wazee wale walikuwa na akili!

Nyama nayo ina faida yake. Huongeza damu upesi kuliko maharage, kwa hiyo mama mjamzito na mtoto huihitaji sana. Ajabu ni kwamba ikipikwa, minofu humwendea baba, na mtoto hupewa mchuzi. Je, hiyo ni haki?

Huko ziwani, Liuli na Mbamba Bay, katika Wilaya ya Nyasa iliyotengwa na Mbinga mwaka 2012, wengi hula ugali wa muhogo. Muhogo hushibisha, lakini protini yake ni kidogo sana. Bahati nzuri kuna usipa, yaani dagaa wa ziwani. Dagaa hawa hawali debe la mtu. Huliwa wazima, na mifupa yao huimarisha mifupa ya mtoto. Hata wewe wa milimani, nunua waliokauka sokoni. Waoshe mchanga, waanike, wakaange bila mafuta, watwange, kisha chekecha. Tia kijiko kimoja katika uji wa mtoto aliyetimiza miezi 6.