Pombe ya Ulezi: Usalama Wake Huanzia Kwenye Kimea

Katika nyanda za juu za Ufipa, pombe ya ulezi haikosekani penye kazi ya ujima, harusi au matanga. Ipo nyepesi ya kukata kiu, na ipo nzito, yenye rangi ya kahawia iliyokolea, ambayo nguvu zake humfikia mnywaji akiwa bado ameketi. Waingereza nao wana bia yao nyeusi na kali, ambayo wengine huipika nyumbani kwa shayiri. Nafaka ni mbili, kanuni ni moja: mbegu huchipuzwa ili wanga wake uweze kugeuka sukari, kisha hamira huigeuza sukari hiyo kuwa kileo. Weusi hutokana na moto. Kwa Mwingereza ni moto wa kukaangia kimea. Kwetu mara nyingi ni moto wa kukaangia unga uliovundikwa. Rangi, basi, si kipimo cha ukali.

Wateja hutazama chungu, maji na povu. Sisi twashauri wakitazame kimea kwanza.

Ulezi hulowekwa, hufunikwa mpaka uchipue, kisha huanikwa. Unyevu uleule unaoiamsha mbegu huuamsha pia ukungu. Sumbawanga, katika miezi ya baridi, mbegu huchelewa kuchipua na kimea huchelewa kukauka, hivyo ukungu hupata siku nyingi zaidi za kukua. Baadhi ya aina zake hutoa sumukuvu, ambayo huliharibu ini na, ikiliwa kwa miaka, huweza kuleta saratani. Mwaka 2016 sumukuvu iliyokuwa katika mahindi iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara. Kuchemsha hakuiondoi, wala uchachu wa pombe hauimalizi.

Si ukungu peke yake. Mwezi Januari 2015, katika kijiji cha Chitima, mkoa wa Tete nchini Msumbiji, watu 75 walifariki baada ya kunywa pombe ya kienyeji msibani. Mwanzoni ilidaiwa kwamba mtu alitia nyongo ya mamba. Uchunguzi wa maabara ulionyesha jambo jingine: bakteria walikuwa wamezalisha sumu kali katika pombe hiyo, na unga wa mahindi uliotumika ulikuwa umeharibiwa na maji. Sumu hiyo nayo haivunjwi na moto. Tunalitaja tukio hili kwa sababu tumezoea kusikia kwamba nafaka iliyolowa "itafaa pombe". Haifai.

Ukinunua kimea sokoni, nunua kizima, kisha ukisage mwenyewe, kwani kikishakuwa unga hutaweza kukikagua. Kimea kizuri ni kikavu, hunukia utamu na hutafunika kwa urahisi. Kikiwa na utando wa kijani, kijivu au mweusi, kikishikamana mabonge au kikinuka uvundo, kiache, hata muuzaji akipunguza bei. Usikichague upya nyumbani ukidhani umekiponya. Sumu haionekani kwa macho.

Jambo hili lina uzito kuliko pombe yenyewe, maana kimea kinachobaki huishia katika uji wa mtoto. Rukwa ni miongoni mwa mikoa yenye udumavu mwingi wa watoto nchini, na ini la mtoto mdogo haliwezi kuhimili kile ambacho la mtu mzima huvumilia kwa muda. Kimea usichokiamini kwa uji, usikitumie kwa pombe.

Vyombo navyo vichunguzwe. Pombe ni chachu, nayo huyeyusha madini ya pipa la mabati. Na dumu lililowahi kubeba dawa ya shamba au mafuta halisafishiki kwa sabuni. Anayeongeza mbolea au kitu kingine chochote ili pombe "ikolee" anauza sumu. Gongo ni suala jingine kabisa, na kuipika bila kibali ni kosa.

Mpikaji anayeuza anapaswa kuwa na leseni ya vileo ya halmashauri. Mnywaji ana haki ya kuiulizia, ingawa twajua si rahisi kumuuliza shangazi.

Ikiwa watu wawili au zaidi walionywa chungu kimoja wanaumwa tumbo, wanatapika au wanalegea, wapelekwe kituo cha afya mara moja. Pombe iliyobaki isimwagwe. Ifunikwe, iwekwe mbali na watoto, na afisa afya wa kata aitwe achukue sampuli.