Wazo la ubunifu halisubiriwi, huokotwa mtaani

WATU wengi wanaofanya kazi za matangazo na usanifu wa michoro huamini kuwa wazo zuri humjia mtu kwa bahati, mithili ya ndoto. Kwa imani hiyo, anayekosa wazo ama hukaa akilisubiri, ama huingia kwenye intaneti na kuiga kazi iliyofanywa nchi nyingine.

Njia zote mbili zina gharama. Anayesubiri hupoteza muda wa mteja wake, na anayeiga hutoa tangazo lisilomgusa mnunuzi wa Kariakoo au Kisumu, kwa kuwa halizungumzi juu ya maisha yake.

Mmoja wa watu waliolieleza suala hili kwa ufasaha ni James Webb Young, mtaalamu wa matangazo wa Marekani aliyefanya kazi katika kampuni ya J. Walter Thompson. Katika kitabu chake kidogo kilichochapishwa mwaka 1940, alieleza kuwa wazo jipya si kitu kingine ila ni muunganiko mpya wa vitu vya zamani.

Young alitaja hatua tano. Kwanza, mtu hukusanya taarifa, za bidhaa husika na za maisha kwa jumla. Pili, huzipima na kuzilinganisha akitafuta uhusiano kati yake. Tatu, huliweka suala kando na kufanya jambo jingine. Nne, wazo hujitokeza lenyewe, mara nyingi wakati asioutarajia. Tano, hulionyesha kwa wengine na kulirekebisha mpaka lifae kutumika.

Kinachowashangaza wengi ni kuwa wazo lenyewe ni hatua ya nne. Anayelalamika kuwa hana wazo mara nyingi ni yule aliyeruka hatua ya kwanza.

Wakazi wa pwani ya Afrika Mashariki hawahitaji kwenda mbali kuuona ukweli huo, kwani wanauvaa. Kwa mujibu wa maelezo yanayokubaliwa na wengi, kanga ilizaliwa katika nusu ya pili ya karne ya 19, pale wanawake wa pwani waliponunua vitambaa vya leso vilivyochapwa na kuvishona pamoja wapate vazi moja. Leso zilikuwapo na sindano ilikuwapo. Kilichokuwa kipya ni kuviunganisha. Hadi leo wakazi wa Mombasa huliita vazi hilo leso.

Baadaye kanga iliongezewa maandishi, na anayetajwa sana katika historia hiyo ni mfanyabiashara wa Mombasa, Kaderdina Hajee Essak. Tangu hapo kanga ikawa na sehemu tatu: pindo linaloizunguka, mji ulio katikati, na jina, yaani msemo.

Mbunifu wa matangazo anaweza kujifunza mengi hapo. Jina la kanga ni fupi, husomeka mara moja, na humwachia msomaji nafasi ya kujiuliza nani anaambiwa. Ni ujumbe ambao mteja huulipia mwenyewe, kisha akautembeza mtaani kwa hiari yake.

Mfano mwingine ni wa Edward Saidi Tingatinga, mzaliwa wa Tunduru kusini mwa Tanzania, aliyeanza kuchora jijini Dar es Salaam mwishoni mwa miaka ya 1960. Hakuwa amesomea sanaa, wala hakusubiri vifaa vya gharama. Alitumia vipande vya mbao za kuezekea dari na rangi ya kung'aa ya baiskeli, vitu vilivyopatikana madukani. Alifariki dunia mwaka 1972, lakini mtindo wa uchoraji aliouanzisha bado unaitwa kwa jina lake.

Katika biashara ya kisasa, huduma ya M-Pesa ilipozinduliwa nchini Kenya na kampuni ya Safaricom mwaka 2007, matangazo yake ya awali hayakujikita katika kusifia teknolojia. Yaliwahimiza watu watume pesa nyumbani. Kabla ya hapo, mfanyakazi wa mjini aliyetaka kuwasaidia wazazi kijijini mara nyingi alimkabidhi fedha dereva wa basi au ndugu anayesafiri, kisha akabaki na wasiwasi. Waliobuni ujumbe huo hawakuizua haja hiyo, waliiona, wakaitamka.

Hata hivyo, kuokota wazo si kuiba kazi ya mtu. Sheria za hakimiliki, ikiwamo ya Tanzania ya mwaka 1999, hulinda kazi iliyokwisha kuundwa, kama vile mchoro au maandishi, na si wazo tupu. Yeyote anaweza kujifunza kwa kanga namna ya kufupisha ujumbe, lakini kunakili mchoro wa mwenzake bila ruhusa kunaweza kumfikisha mahakamani.

Jambo hili halina sharti la kuwa na kompyuta ya bei kubwa. Daftari dogo la mfukoni linatosha. Mtu anaweza kuandika kila siku mambo matatu aliyoyaona: maneno yaliyoandikwa nyuma ya daladala, namna muuza matunda anavyopanga rangi za bidhaa zake, au swali ambalo wateja hulirudia dukani.

Mwishoni mwa wiki huyasoma tena na kujiuliza lipi linaweza kuungana na lipi. Akikwama, apumzike bila kujilaumu, kwa kuwa mapumziko nayo ni sehemu ya kazi.

Aidha, faida ya zoea hilo haiishii kwa watu wa matangazo. Mwalimu atapata mfano utakaomfanya mwanafunzi aelewe, na mwenye duka atatambua wateja wanachokikosa. Muhimu zaidi, mtu aliyezoea kutazama huanza kuwasikiliza wenzake kwa makini, na huko nako ni kukua.

Waswahili husema haba na haba hujaza kibaba. Kibaba cha mbunifu hujazwa kwa yale anayoyaona kila siku akiwa njiani kwenda kazini, na siku mteja atakapobisha hodi, atakuwa na cha kupima.