Je, Wajua? Kamba ya Usalama Hulegea Ili Iokoe

Katika jengo la zege linaloendelea kupanda, sehemu ya hatari kuliko zote ni ukingo wa sakafu ambao wiki iliyopita haukuwepo. Ukuta haujajengwa, vizuizi vya pembeni havijafungwa, na mafundi wa nondo wako hapo hapo wakisuka vyuma vya nguzo inayofuata. Katika kipindi hicho, kinachosimama kati ya fundi na ardhi ni kamba ya usalama: waya wa chuma au kamba maalumu inayotandazwa mlalo kutoka nguzo hadi nguzo, ili kila mmoja anase kulabu ya mkanda wake na kutembea nayo akifanya kazi. Kwa macho ni kitu rahisi, kamba iliyofungwa ncha mbili. Kwa kweli ni mtambo wenye hesabu zake, na hesabu hizo zinapaswa kufanyika kwenye mchoro kabla zege halijamwagwa. Zikisubiri mpaka fundi amefika ukingoni, zimechelewa.

Tuanze na jambo linalowashangaza wengi: kamba iliyokazwa sana si imara zaidi. Anayeanika nguo anajua kwamba kamba ikikazwa kupita kiasi, kisha ndoo ya maji ikaning'inizwa katikati, miti ya pembeni ndiyo inayong'oka kwanza. Kamba ya mlalo haiwezi kubeba mzigo unaovuta kwenda chini mpaka yenyewe ipinde, na kadiri inavyopinda kidogo ndivyo inavyozivuta ncha zake kwa nguvu zaidi. Chukua waya wa mita 10 kati ya nguzo mbili. Fundi ameanguka, na kifyonza mshtuko cha mkanda wake kimepunguza kani ya kumdaka hadi kilonyutoni 6, kikomo cha viwango vya Ulaya, ambacho ni sawa na uzito wa kilo 600 hivi. Waya ukishuka mita 1 katikati, kila ncha inavutwa kwa takriban tani 1.5. Ukishuka nusu mita, ni tani 3. Ukishuka sentimita 25 tu, ni tani 6. Fundi ni yule yule na anguko ni lile lile; kilichobadilika ni kiasi waya ulivyoachiwa kulegea.

Kulegea nako kuna gharama yake, nayo hulipwa kwa nafasi iliyo wazi chini ya fundi. Kamba fupi inayounganisha mkanda na waya kwa kawaida ina mita 2. Kifyonza mshtuko, yaani utepe uliokunjwa na kushonwa ili mishono yake ifumuke hatua kwa hatua mtu anapoanguka, kinaweza kurefuka mita 1.75. Kutoka pete ya mgongoni hadi nyayo ni mita 1.5. Ongeza mita 1 ya waya kushuka na mita 1 ya tahadhari, jumla inakuwa mita 7.25 kutoka usawa wa waya. Hata waya ukifungwa mita 1.5 juu ya sakafu, bado zinatakiwa karibu mita 6 tupu chini ya ukingo, sawa na ghorofa mbili za mita 3. Kwa hiyo fundi wa ghorofa ya kwanza aliyevaa mkanda vizuri na kunasa kulabu inavyotakiwa anaweza kugonga ardhi kabla mfumo haujamaliza kumdaka.

Mwanza inaifanya hesabu hii kuwa ngumu zaidi. Jiji hilo la Tanzania kando ya Ziwa Victoria limekaa juu ya miamba na miteremko, na jengo la Isamilo au Bugando linaweza kuwa na ghorofa mbili upande wa barabara na nne upande wa bondeni. Nafasi hupimwa kutoka ukingoni hadi kwenye kitu cha kwanza ambacho mwili utakigonga: jabali, mirunda, ncha za nondo au paa la jirani. Jengo moja linaweza kuhitaji mipango miwili. Upande wa bonde, waya wa kumdaka anayeanguka unaweza kufaa. Upande wa juu, kinachofaa ni kamba fupi isiyomruhusu fundi kufika ukingoni kabisa. Uamuzi huo unahitaji kipimo cha eneo na mchoro wa jengo vikiwa mezani pamoja, mapema.

Kisha kuna zege lenyewe. Nguvu yake hupimwa likiwa na siku 28. Likifikisha siku 7, zege la saruji ya kawaida huwa na takriban theluthi mbili ya nguvu hiyo. Nguzo iliyomiminwa juzi imesimama na imevuliwa mbao, lakini haijawa tayari kuvutwa kwa tani 3 kwa kishindo. Nondo zilizochomoza juu yake pia si mahali pa kufungia, kwani hazikukokotolewa kwa mvuto wa pembeni. Wengine huchimbia nguzo fupi za chuma kwenye sakafu. Nguzo ya mita 1 ikivutwa tani 1.5 kichwani, boliti zake hulivuta zege kwa wenzo wa mita nzima, na sakafu changa inaweza kung'oka donge pamoja na boliti. Njia ya uhakika ni kuacha pete za chuma ndani ya zege, zikiwa zimefungwa kwenye nondo kuu kabla ya kumwaga, au kuzungushia mkanda maalumu nguzo iliyokwisha kukomaa. Pete hizo si ghali, lakini zisipokuwemo kwenye mchoro wa mhandisi, hakuna fundi wa nondo atakayeziweka.

Hata malighafi inataka uamuzi wa mapema. Kwenye mwambao wa ziwa, kamba za uvuvi ni rahisi kupatikana kuliko waya wa usalama, na kishawishi cha kuzitumia ni kikubwa. Nyingi ni za polipropilini, nyepesi na zinazoelea, sifa njema kwa mvuvi. Juu ya jengo, jua la karibu na ikweta huzichosha, ukingo wa zege huzikwangua, na fundo peke yake laweza kupunguza nguvu ya kamba hadi nusu. Waya wa chuma nao una masharti yake. Ncha yake hurudishwa na kubanwa kwa klipu zenye vipande viwili: kitako chenye mifereji na chuma kilichopinda umbo la U. Kitako hukaa upande wa waya unaobeba mzigo, na U hukaa upande wa ncha fupi iliyorudishwa. Ukigeuza, U inauponda waya pale pale penye mzigo. Kwa kawaida klipu haziwi pungufu ya tatu, na nati hukazwa tena baada ya waya kuvutwa mara ya kwanza, kwa kuwa waya ukivutwa hupungua unene.

Wapo watakaosema vizuizi vya pembeni ni bora kuliko kamba. Wako sahihi: kizuizi humlinda kila mtu bila kumtaka akumbuke kunasa kulabu, na pale kinapoweza kufungwa kitangulie. Lakini lazima kuwe na mtu wa kukifunga, na mtu huyo anasimama kwenye ukingo usio na kizuizi. Wengine watasema mafundi wamezoea. Uzoefu husaidia kutoteleza. Hausaidii baada ya kuteleza. Anguko la mita 2 huchukua sekunde 0.64, na la mita 9 sekunde 1.35. Huko Marekani, ambako takwimu hutolewa kila mwaka, kuanguka bado kunachangia zaidi ya theluthi moja ya vifo vya ujenzi. Na wapo watakaodhani kifaa chochote ni bora kuliko kukosa kabisa. Wajenzi wa daraja la Golden Gate, San Francisco, walitandaza wavu uliookoa watu 19. Tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zima liliuangukia wavu huo, ukachanika, na watu 10 wakafa. Wavu uliweza kubeba watu. Haukuundwa kubeba jukwaa. Kila kinga ina mzigo wake, na asiyeujua mzigo huo anamwahidi mwenzake usalama asioweza kuutoa.

Maji pia yasimdanganye mtu. Daraja la J.P. Magufuli la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa Juni 2025, lina urefu wa zaidi ya kilomita 3 juu ya Ghuba ya Mwanza, na kazi za zege za aina hiyo zitaendelea ziwani. Anayeanguka mita 20 huyafikia maji akiwa na mwendo wa kilomita 70 kwa saa. Aliyedakwa na kamba naye hajaokoka bado: kuning'inia bila kusogea huzuia damu kurudi kutoka miguuni, na anaweza kuzimia ndani ya dakika chache. Ni lazima wawepo watu kwenye eneo la kazi wanaojua kumshusha.

Pingamizi zito kuliko yote ni gharama. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003 inamtwika mwajiri jukumu la kumlinda mfanyakazi, nayo OSHA, wakala wa serikali ya Tanzania, huisimamia; Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi huja baadaye, ajali ikishatokea. Lakini mkandarasi anayejumlisha kamba, pete na mafunzo kwenye bei yake anaweza kushindwa zabuni na asiyejumlisha. Dawa ni kuitoa kinga hiyo kwenye ushindani: mhandisi achore pete, na mwenye mradi aweke kinga ya kuanguka kama kipengele chake kwenye mchanganuo wa gharama, ili kila mzabuni alazimike kukitolea bei. Hapo hata saidia fundi aliyeajiriwa leo asubuhi atapanda juu na kukuta mahali pa kunasa kulabu pameshapimwa na kuwekwa.