Maji na Mkimbiaji wa Mbio Ndefu

Kila mwaka mwezi wa Aprili, siku ya Jumatatu, watu wapatao 30,000 hukusanyika katika mji mdogo uitwao Hopkinton, huko Marekani. Kutoka hapo hukimbia kuelekea jiji la Boston. Hizi ni mbio za marathoni. Urefu wake ni kilomita 42 na mita 195. Mbio za Boston zilianza mwaka 1897.

Huenda umezisikia redioni, kwa sababu Watanzania wameng'ara huko. Juma Ikangaa alikuwa wa pili mara tatu mfululizo, mwaka 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 alipitwa na Mkenya Ibrahim Hussein kwa sekunde moja tu. Naye Alphonce Simbu alikuwa wa pili mwaka 2025. Septemba mwaka huohuo Simbu akawa bingwa wa dunia wa marathoni katika jiji la Tokyo.

Lakini wengi wanaokimbia Boston si mabingwa. Ni walimu, makarani, wauguzi na mafundi. Bingwa humaliza kwa saa mbili na dakika chache. Baadhi yao humaliza kwa saa nne, tano, hata sita. Wao hawaendi kutafuta ushindi. Wanataka kufika mwisho wakiwa wazima.

Je, mtu hujiandaaje kwa safari ya namna hiyo? Na kitu gani kinaweza kumdhuru?

Maandalizi huchukua miezi minne au mitano. Mtu huanza na kilomita chache. Kila wiki huongeza kidogo kidogo. Siku moja katika wiki hukimbia mbali kuliko siku nyingine, mpaka aweze kukimbia kilomita 30 au zaidi. Siku nyingine hupumzika, maana misuli hujijenga wakati wa mapumziko. Wiki mbili au tatu kabla ya siku yenyewe hupunguza mazoezi. Wengi hawapendi sehemu hii. Huona kama wanapoteza nguvu. Sivyo. Mwili unaweka akiba.

Akiba hiyo hutokana na chakula cha wanga, kama ugali, wali, viazi na ndizi. Wanga hubadilika kuwa sukari, na sehemu ya sukari hiyo huhifadhiwa katika misuli na katika ini. Akiba ya mkimbiaji huweza kwisha karibu na kilomita ya 30. Hapo miguu huwa mizito kama imefungwa mawe. Boston ina vilima vigumu karibu na sehemu hiyohiyo, kwa hiyo asiyekula vizuri siku chache kabla hukiona cha moto.

Hayo wakimbiaji wengi wanayajua. Jambo ambalo limewakosesha watu njia kwa miaka mingi ni maji.

USHAURI ULIOGEUKA MARA MBILI

Hadi miaka ya 1960 wakimbiaji wengi waliamini kwamba kunywa maji njiani ni udhaifu. Mtu alijivunia kumaliza mbio bila kugusa maji. Baadaye ushauri uligeuka kabisa. Katika miaka ya 1980 na 1990 wakimbiaji waliambiwa wanywe mapema, kabla ya kiu, na wanywe kadiri wawezavyo. Makampuni ya vinywaji nayo yalisaidia kueneza maneno hayo, na ni rahisi kuona faida yao ilikuwa nini.

Kumbe huko nako kulikuwa na hatari. Mwaka 1985 madaktari wa Afrika Kusini, akiwamo Tim Noakes, waliandika habari za wanamichezo wanne walioumwa sana baada ya kunywa maji kupita kiasi katika mashindano marefu. Watu wengi hawakuwasikiliza.

Mwaka 2002 mwanamke mmoja kijana alianguka katika mbio za Boston. Alifariki. Madaktari walipopima damu yake waliona chumvi imeshuka mno. Hakufa kwa kiu. Alikuwa amekunywa kupita kiasi.

Mwaka huohuo, katika mbio hizohizo, wataalamu walipima damu ya wakimbiaji 488 waliofika mwisho. Matokeo yalichapishwa mwaka 2005. Katika kila wakimbiaji 100, wapatao 13 walikuwa na upungufu wa chumvi katika damu. Watatu kati ya wale 488 walikuwa katika hatari kubwa sana. Tena walikuwa wamefika mwisho kwa miguu yao wenyewe.

MAJI YANAWEZAJE KUDHURU?

Wewe msomaji unaweza kushangaa. Tumezoea kusema maji ni uhai. Ni kweli. Lakini fikiria sufuria ya mchuzi uliotiwa chumvi ya kutosha. Ukiongeza kikombe cha maji, mchuzi hupungua ladha. Ukiongeza vikombe vitano, huonji chumvi tena. Chumvi haikutoka. Imezidiwa na maji.

Damu nayo ina chumvi. Wataalamu huita sehemu yake muhimu sodiamu. Chumvi hiyo ikizidiwa na maji, maji hutoka katika damu na kuingia katika seli. Seli ni chembe ndogo sana zinazojenga mwili, hazionekani kwa macho matupu. Seli zikiingiwa na maji huvimba. Umewahi kuloweka maharage usiku? Asubuhi huyakuta yamenenepa. Ndivyo seli zinavyofanya.

Vidole vikivimba, ngozi hutanuka na hakuna shida kubwa. Taabu ni ubongo. Ubongo umo ndani ya fuvu, na fuvu ni mfupa. Halitanuki. Jaza maharage katika chupa, tia maji, funga kizibo kwa nguvu. Asubuhi chupa inaweza kupasuka. Fuvu halipasuki, kwa hiyo ubongo ndio unaobanwa. Mtu huumwa kichwa, hutapika, huchanganyikiwa. Akiachwa hupatwa na degedege, hupoteza fahamu, na anaweza kufa.

Utauliza: kwa nini asikojoe hayo maji yaliyozidi? Siku ya kawaida angekojoa. Lakini mwili ukiwa katika kazi ngumu kwa saa nyingi hutoa kichocheo kinachoziamuru figo zishike maji. Mwili unadhani uko jangwani. Mtu anaendelea kunywa, na mlango wa kutokea umefungwa.

Anayepatwa zaidi si yule anayekimbia mbele. Bingwa yuko njiani kwa muda mfupi, na ni vigumu kunywa mengi ukiwa na mwendo ule. Anayepatwa ni mkimbiaji wa polepole, aliye njiani zaidi ya saa nne. Huko Boston kuna meza za maji karibu kila kilomita moja na nusu. Mwenye mwendo wa polepole ana nafasi ya kusimama kila meza, na kila mtu humhimiza anywe. Watu wenye mwili mdogo nao hupatwa upesi, kwa sababu kikombe kilekile ni kingi zaidi kwao.

Je, vinywaji vya wanamichezo vyenye chumvi na sukari havizuii? Hapana. Utafiti wa Boston haukuona tofauti kati ya waliokunywa maji na waliokunywa vinywaji hivyo. Chumvi yake ni kidogo kuliko ile iliyomo katika damu. Ukinywa vingi mno, bado unaongeza maji kwenye mchuzi.

BASI ANYWE KIASI GANI?

Anywe akiona kiu. Akiisha kukata kiu, aache. Huu ndio ushauri ambao madaktari wengi wa michezo wanautoa sasa. Kiu si adui aliyechelewa kufika. Mwili huitoa mapema, kabla hujafika kwenye hatari.

Anayejiandaa anaweza pia kujifunza jasho lake kwa kutumia mizani wakati wa mazoezi. Tuchukue mfano. Mtu anajipima kabla ya kukimbia. Ana kilo 60. Anakimbia saa moja na kunywa nusu lita ya maji njiani. Anajifuta jasho, anajipima tena kabla ya kukojoa. Ana kilo 59. Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Kwa hiyo alipoteza lita moja, pamoja na ile nusu lita aliyokunywa. Jasho lake lilikuwa lita moja na nusu kwa saa.

Hesabu hiyo haina maana kwamba ni lazima anywe lita moja na nusu kila saa. Kupungua kilo moja au mbili baada ya mbio ndefu ni jambo la kawaida. Baadaye atakula, atakunywa, na uzito utarudi. Mizani inampa onyo moja kubwa: akimaliza mbio akiwa mzito kuliko alivyoanza, amekunywa mno. Kama huna mizani nyumbani, omba kwenye zahanati. Mizani ya kupimia magunia haifai kwa kazi hii, maana haionyeshi tofauti ndogo.

Jambo jingine ni dawa za maumivu kama ibuprofeni. Wakimbiaji wengine humeza kabla ya kuanza ili magoti yasiwasumbue. Dawa hizo zinaweza kuzidhuru figo wakati mwili una kazi nzito. Asizitumie bila kumwuliza daktari.

Usituelewe vibaya, ndugu msomaji. Hatusemi watu wasinywe maji. Wewe unayelima juani unahitaji maji, na ukosefu wa maji unaua watu wengi zaidi duniani kuliko wingi wake. Mtoto anayeharisha lazima anyweshwe maji ya chumvi na sukari mara kwa mara kama mlivyofundishwa na mhudumu wa afya, tena bila kungoja. Hapa tunazungumza juu ya mtu mzima anayejilazimisha kunywa saa baada ya saa ilhali hana kiu.

JOTO NI JAMBO JINGINE

Watu wengi huchanganya joto na kiu. Hudhani aliyekunywa maji ya kutosha hawezi kuzidiwa na joto. Anaweza. Misuli inayofanya kazi hutoa joto jingi, kama injini. Siku ya jua kali na unyevu mwingi hewani, jasho halikauki, na joto hubaki mwilini hata kama tumbo limejaa maji.

Oktoba mwaka 2007, katika marathoni ya jiji la Chicago, joto lilipita nyuzi 30. Waandalizi walisimamisha mbio wakati maelfu ya watu bado wako njiani. Mwaka 2012 hali ya joto ilikuwa kama hiyo Boston, na waliotaka waliruhusiwa kuahirisha hadi mwaka uliofuata. Kuna walioahirisha. Sisi tunaona walifanya vyema. Mazoezi ya miezi mitano yanauma kuyaacha, lakini mbio zipo kila mwaka.

Mkimbiaji anaweza kuuzoeza mwili joto kwa siku kama 10 hadi 14, akianza na muda mfupi juani. Mwili hujifunza kutoa jasho mapema zaidi. Hata hivyo siku ya joto kali ni lazima apunguze mwendo.

MKIMBIAJI AKIANGUKA

Aliyezidiwa na joto huwa na mwili wa moto sana, nyuzi 40 au zaidi. Huchanganyikiwa, huongea ovyo, hupepesuka. Anaweza kuwa bado anatoa jasho. Huyu apozwe palepale. Mpelekeni kivulini, mvueni nguo nzito, mmwagieni maji baridi mwili mzima na kumpepea. Kama kuna pipa au beseni kubwa la maji baridi, aingizwe humo huku mkishikilia kichwa chake. Msingoje gari lifike ndipo muanze. Dakika chache zinaweza kuokoa maisha yake.

Aliyezidiwa na maji huenda mwili wake usiwe wa moto. Kichwa kinamwuma, anatapika, vidole vimevimba hata pete inabana. Naye pia huchanganyikiwa. Huyu asipewe maji zaidi. Awahishwe hospitali, ambako atapewa maji yenye chumvi nyingi kwa mshipa.

Kwa macho tu si rahisi kuwatofautisha hawa wawili. Na yeyote aliyechanganyikiwa au kuzimia asinyweshwe kitu kwa mdomo, maana kinaweza kuingia kwenye mapafu.

Siku hizi katika mahema ya madaktari huko Boston kuna kifaa cha kupima chumvi ya damu. Huchukua dakika chache. Mgonjwa hupimwa kwanza, ndipo hutundikiwa dripu inayomfaa. Zamani aliyeanguka aliweza kutundikiwa dripu ya maji mara moja kwa kudhaniwa ana kiu, na wengine walizidi kuumia. Kwa hiyo ukimsindikiza mkimbiaji hospitali, mahali popote, mwambie daktari mambo matatu: alikimbia kwa muda gani, alikunywa kiasi gani, na kama alimeza dawa yoyote.