Mnara Umesimama, Mtandao Uko Wapi?

Katika khabari zinazopokewa kwa furaha na watu wa pwani ya kusini ya Tanzania, tangu Somanga mpaka Kilwa na kutoka Kilwa mpaka mjini Lindi, ni chache zinazoishinda khabari kwamba kampuni fulani ya simu imesimamisha mnara mpya, au imeutia mnara wa zamani mitambo ya kizazi cha nne. Na furaha hiyo ina sababu, maana nchi hii ilikaa miaka mingi nyuma ya mto Rufiji, ambao kila masika ulikuwa ukiitenga na Dar es Salaam, hata lilipofunguliwa daraja la Mkapa mwaka 2003 ndipo msafiri akaweza kuvuka bila ya kungoja kivuko. Lakini furaha ni jambo moja na ujuzi ni jambo jingine. Mtangazaji akisema kwamba Kilwa sasa ina mtandao wa kasi, msikilizaji ana haki ya kuuliza ni Kilwa gani, Masoko au Kisiwani, Kivinje au Kipatimu. Ni saa gani ya mchana au usiku. Na kwa simu ya namna gani.

Kupeleka mawasiliano katika sahili hii si kazi iliyoanza jana. Waya wa kampuni ya Eastern and South African Telegraph ulifika Unguja chini ya bahari kutoka Aden mwaka 1879, na Wajerumani walipoishika bara hawakukawia kusimamisha nguzo za simu ya maandishi kuelekea kusini, mpaka Kilwa na Lindi. Nyaya zile zilikuwa za maakida, maofisa wa boma na matajiri wa bandarini. Mvuvi na mkulima waliziona zikipita juu ya vichwa vyao tu. Simu ya mkononi ilipoanza Dar es Salaam mwaka 1994 kwa jina la Mobitel, nayo ilikuwa kwanza ya wenye mali, kisha wakaja Vodacom mwaka 2000, Celtel mwaka 2001, na Halotel ya Wavietnam mwaka 2015, iliyokuja na ahadi ya kufika vijijini ambako wenzake walikuwa wakisita kwenda. Mobitel ikawa Buzz, Buzz ikawa Tigo, na Tigo tangu mwaka 2024 inaitwa Yas. Celtel ikawa Zain, na Zain ikawa Airtel. Kwa kweli wateja wa kusini wameona rangi za vibanda vya vocha zikibadilika mara nyingi kuliko walivyoona mitambo iliyomo mnarani ikibadilika.

Mitambo hiyo ndiyo inayostahili kuangaliwa, na dalili yake ya kwanza ni ile herufi ndogo inayotokea juu ya kioo cha simu. Herufi E ni kizazi cha pili, ambacho chatosha kwa sauti, ujumbe mfupi, na kutuma fedha kwa kubonyeza nyota na reli. H au 3G ni kizazi cha tatu. 4G au LTE ni cha nne, na hapo ndipo picha za mwendo hutazamika bila ya kukatika. Kizazi cha tano kilizinduliwa na Vodacom jijini Dar es Salaam mwezi Septemba 2022, wala si jambo la kumshughulisha sana mkaazi wa Pande au Njinjo kwa sasa. Ajabu moja humsumbua mtu asiyeijua sababu yake: simu iliyokuwa ikionyesha 4G, mara inapopigwa hushuka ikaonyesha H au E, na mazungumzo yakiisha hupanda tena. Si hitilafu. Simu nyingi bado hazipitishi sauti katika kizazi cha nne, basi huiteremsha sauti katika njia ya zamani na kuiacha njia mpya kwa ajili ya intaneti. Kwa hiyo kampuni inayosema imeboresha mtandao wa mahali fulani huenda imeboresha intaneti yake peke yake, na sauti ikabaki kama ilivyokuwa, pamoja na kukwaruza kwake. Na mwenye kitochi cha vitufe, ambaye katika vijiji vya Kilwa si mtu adimu, hapati katika maboresho hayo hata chembe moja.

Siri ya pili imo katika masafa ya redio. Masafa ya chini, kama ya megahezi 700, 800 na 900, husafiri mbali na hupenya kuta na miti kwa wepesi. Masafa ya juu, kama 1800 na 2100, hubeba mzigo mkubwa zaidi lakini huchoka upesi njiani. Mnara ukitiwa 4G ya 1800 peke yake, watu wa Kilwa Masoko walio karibu nao watasifu, na wa kijiji kilicho nyuma ya mikorosho watashangaa sifa hizo zinatoka wapi. Ndiyo sababu mwaka 2018, Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania ilipopiga mnada masafa ya 700, Vodacom na Azam Telecom walilipa kila mmoja zaidi ya dola za Marekani milioni 10. Na mnada wa Oktoba 2022, uliohusu masafa ya namna mbalimbali, ukaiingizia serikali dola milioni 187. Msomaji atakayeisoma khabari ya minada kama hiyo katika gazeti asidhani ni mambo ya wakubwa tu: aliyenunua masafa ya chini ndiye mwenye uwezo wa kumfikia mtu wa mbali kwa minara michache, kama akitaka.

Katika Kilwa ardhi yenyewe ni mshitaki na shahidi. Upande wa magharibi iko milima ya Matumbi, ambayo mabonde yake ya Kipatimu na Kandawale huweza kukinyima mawimbi kijiji kilicho jirani kabisa na mnara, kwa kuwa kilima kimesimama kati. Upande wa mashariki iko bahari, na juu ya maji hakuna kizuizi. Mnara wa urefu wa mita 50 uliosimama ufukweni huona mpaka kilomita 25 hivi kabla dunia haijajipinda chini ya upeo wa macho, na mawimbi ya redio huenda mbele kidogo ya hapo. Hivyo hutokea nahodha wa mashua aliye katikati ya miamba ya Songosongo akapata mtandao safi kuliko mkulima aliye kilomita nane kutoka mnara huohuo huko bondeni.

Lakini hata bahari ina mpaka wake, na mpaka huo ni wa namna ambayo wavuvi wengi wameuonja bila ya kuelezwa. Kizazi cha pili humpa kila mzungumzaji nafasi yake ya muda, sehemu ndogo mno ya sekunde, na mnara hungoja sauti ya kila simu ifike ndani ya nafasi hiyo. Simu ikiwa mbali, mawimbi hukawia njiani. Mnara huiamuru itangulize sauti yake kidogo ili kufidia ule ukawiaji, lakini fidia hiyo ina kikomo, nacho ni kilomita 35. Aliyepita hapo, hasa akiwa amelekea mnara uliojengwa juu ya kilima, huweza kuuona mtandao kwenye kioo, vijiti viwili au vitatu, na kila akipiga simu haiendi. Kampuni inaweza kuupanga mnara uvumilie umbali mkubwa zaidi, lakini hapo hutoa kafara sehemu kubwa ya nafasi zake za mazungumzo, na hesabu ya biashara aghalabu hukataa. Mimi naona kwamba kwa pwani ambayo watu wake huamka usiku kufuata samaki, na ambayo pepo za kusi hazimwonei mtu huruma, minara michache ya namna hiyo ingepasa kuhesabiwa kuwa ni vyombo vya uokozi, wala si bidhaa.

Sasa tuutazame mnara kwa nyuma, kwa maana wengi huutazama kwa mbele. Mnara si chemchemi ya mtandao. Hupokea na kupitisha. Nyuma yake lazima pawe na njia ya kuupelekea mzigo, ama sahani ya redio inayolekeana na mnara mwingine, ama mkongo wa nyuzi za kioo. Na nyuma ya njia hiyo ipo njia nyingine ndefu zaidi, chini ya bahari, inayoiunganisha Dar es Salaam na dunia. Pawe pia na umeme. Mikoa ya Lindi na Mtwara kwa miaka mingi ilikuwa nje ya gridi ya taifa, ikitegemea mitambo midogo ya Somanga na Mtwara, ilhali gesi ya Songosongo, iliyo katika maji ya Kilwa yenyewe, ilikuwa ikiwasha taa za Dar es Salaam tangu mwaka 2004. Mnara usio na umeme wa kuaminika huishi kwa betri, jua na dizeli, na dizeli hupelekwa kwa gari, na gari hupita barabarani.

Mwezi Mei 2024 ulitoa funzo la mambo haya yote kwa mpigo. Mwanzoni mwa mwezi kimbunga Hidaya kiliipiga pwani, mvua zikafuata, na barabara kuu ya Dar es Salaam na Lindi ikakatika maeneo ya Somanga, magari yakasimama siku kadhaa pande zote mbili. Na barabara inapokatika, fundi wa mnara na pipa lake la dizeli husimama katika foleni ileile na abiria wa basi. Maji hayajakauka sawasawa, tarehe 12 Mei nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zikakatika huko kusini baina ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ya Tanzania nzima ikalemaa. Siku hizo mtu aliweza kukaa chini ya mnara mpya kabisa, simu yake inaonyesha 4G na vijiti vyote vimejaa, asifungue hata ukurasa mmoja. Alama ya kioo husema tu kwamba simu imesikilizana na mnara. Haina khabari na yaliyo nyuma ya mnara.

Kwa nini basi kata nyingine zikangoja miaka mingi? Jawabu halina fumbo: kijiji chenye watu wachache na vocha ndogo hakirudishi gharama za mnara. Kwa ajili hiyo sheria ya mwaka 2006 iliunda Mfuko wa Mawasiliano kwa Wote, unaozipa kampuni ruzuku ziende mahali ambapo faida peke yake isingezipeleka. Mkataba mmoja mkubwa ulitiwa sahihi Dodoma mwezi Mei 2023 mbele ya Rais Samia Suluhu Hassan, wa minara 758 katika kata 713 za nchi: Tigo 262, Vodacom 190, Airtel 168, TTCL 104 na Halotel 34. Ni jambo la kushukuriwa. Lakini hesabu ya minara iliyotiwa sahihi ni hesabu moja, ya iliyosimama ni nyingine, na ya inayofanya kazi saa nane za usiku wa masika ni ya tatu. Na hiyo ya tatu ndiyo inayomfaa mama mjamzito wa Miguruwe anayetafutiwa gari la wagonjwa.

Mwenye kutaka kufuatilia anazo nyenzo. Mamlaka ya Mawasiliano hutoa takwimu kila robo ya mwaka, na ndani yake mna asilimia za watu waliofikiwa na kila kizazi. Azisome akikumbuka kwamba hizo ni asilimia za watu wala si za ardhi, na kwamba mkoa mpana wenye watu waliotawanyika, kama Lindi, waweza kuwa na mapengo makubwa ambayo wastani wa taifa huyafunika. Ziko ramani za kampuni zenyewe, ambazo hupakwa rangi kwa hesabu ya kompyuta na kwa tamaa kidogo. Ziko pia ramani zinazokusanywa na watumiaji, kama za nPerf na OpenSignal, zenye ukweli zaidi mahali palipo na simu janja nyingi. Kandawale pakionekana peupe katika ramani hizo, huenda mtandao haupo, na huenda upo ila hakuna aliyepita na simu ya kuupima.

Ushahidi ulio bora ni wa mkaazi mwenyewe, akiuandika. Ninawasihi walimu, waganga wa zahanati, maofisa watendaji wa kata na viongozi wa wavuvi wa Kilwa na Lindi waweke daftari moja la mtandao: tarehe, saa, mahali, herufi iliyoonekana, jina la kampuni, na kama simu ilikwenda au haikwenda. Malalamiko yapelekwe kwanza kwa kampuni, na yasipojibiwa yapelekwe kwa Mamlaka, au kwa Baraza la Ushauri la Watumiaji wa Huduma za Mawasiliano. Na Mfuko nao, kwa upande wake, utangaze orodha ya kata zote za mkataba, pamoja na tarehe ambayo kila mnara ulianza kazi, na uibandike katika ofisi za kata hizo, ili mwananchi aweze kulinganisha maandishi na simu iliyomo mkononi mwake.