Sumaku Inayotibu Sonona na Ile Isiyotibu

Bangili za sumaku zinauzwa mitaani, magodoro ya sumaku yananadiwa kwenye semina za afya, na muuzaji hakosi orodha ya maradhi yanayoponywa: presha, mgongo, kukosa usingizi, mawazo. Wakati huohuo, katika kliniki za magonjwa ya akili za Marekani, Ulaya na kwingineko, madaktari wanatibu sonona kwa sumaku, tena kwa idhini ya mamlaka zinazosimamia tiba. Msomaji aliyezisikia habari hizi mbili ana haki ya kuuliza kama ni kitu kimoja. Si kitu kimoja. Tofauti yake inaelezeka, na anayeielewa hauziwi mbuzi kwenye gunia.

Madai kwamba sumaku inaponya ni ya zamani. Katika miaka ya 1770, daktari Franz Anton Mesmer alianza kuwawekea wagonjwa sumaku mwilini mjini Vienna. Baadaye aliziacha, akadai kwamba nguvu yenyewe inatoka mikononi mwake. Alipohamia Paris alijaza ukumbi: watu walitetemeka, wakapiga mayowe, wakazimia, kisha wakasema wamepona. Mwaka 1784 Mfalme Louis XVI aliunda tume ya uchunguzi, na miongoni mwa wajumbe walikuwamo Benjamin Franklin, mwakilishi wa Marekani nchini Ufaransa, na mwanakemia Antoine Lavoisier. Katika bustani ya Franklin huko Passy, mfuasi wa Mesmer aliutia “nguvu” mti mmoja. Kijana wa miaka 12 akafungwa kitambaa machoni na kupelekwa kwenye miti mingine, mmoja baada ya mwingine. Alipofika mti wa nne alianguka na kuzimia. Mti uliotiwa nguvu alikuwa hajaufikia. Tume ikaamua kwamba kilichomwangusha ni imani yake mwenyewe.

Kipimo kile cha kitambaa ndicho ambacho tiba yoyote ya sumaku inapaswa kukipita hadi leo. Kabla hatujaona tiba ya kisasa imekipitaje, tuangalie sumaku inaufanyia nini ubongo.

Seli za ubongo huwasiliana kwa mishtuko midogo ya umeme. Anayetaka kuziamsha kutoka nje lazima azifikishie umeme, na sumaku iliyotulia haizalishi umeme. Michael Faraday alionyesha mwaka 1831 kwamba umeme huzaliwa pale tu uga wa sumaku unapobadilika. Aliyewahi kuendesha baiskeli yenye dainamo anajua: sumaku ikizunguka taa inawaka, baiskeli ikisimama taa inazima. Bangili ya sumaku ni baiskeli iliyosimama.

Mashine ya tiba inafanya kinyume chake. Ina koili, yaani waya mnene uliozungushwa, mara nyingi kwa umbo la tarakimu 8. Umeme mkubwa wa maelfu ya ampea hupitishwa humo kwa muda usiofika hata sehemu moja ya elfu ya sekunde. Uga wa sumaku hupanda hadi kiasi cha tesla 1.5 au 2, ambayo ni nguvu ya mashine nyingi za MRI zinazopiga picha za ndani ya mwili, kisha huanguka papo hapo. Kule kupanda na kuanguka ndiko kunakozalisha umeme ndani ya ubongo, sentimita 2 hadi 3 chini ya koili. Aliyeonyesha jambo hili kwa binadamu ni Anthony Barker na wenzake wa Sheffield, Uingereza, mwaka 1985: koili iliwekwa juu ya kichwa, na misuli ya mkono ikacheza. Watafiti wa kabla yao walikuwa wakipitisha umeme moja kwa moja kwenye ngozi ya kichwa, na maumivu yalikuwa makali kwa sababu fuvu huuzuia umeme. Sumaku hupita fuvuni bila kizuizi.

Tiba hii hujulikana kwa herufi tatu, TMS. Mgonjwa huketi kwenye kiti akiwa macho, ameziba masikio kwa sababu koili hulia kwa kishindo kila mpigo unapotoka. Siku ya kwanza ni ya kupima. Daktari huisogeza koili juu ya sehemu inayoongoza mkono, huku akikitazama kidole gumba. Hupunguza nguvu hatua kwa hatua hadi apate kiwango kidogo kabisa ambacho, kati ya mipigo 10, angalau 5 hukifanya kidole kicheze. Kiwango hicho hutofautiana baina ya mtu na mtu, na ndicho kinachotumika kupanga dozi: kwa kawaida asilimia 120 yake. Kisha koili husogezwa mbele, upande wa kushoto wa paji. Eneo hilo limeunganishwa na sehemu za ndani zinazohusika na hisia, na tafiti nyingi za picha za ubongo zimeona linafanya kazi kwa unyonge kwa watu wenye sonona.

Katika utaratibu wa awali, mipigo 10 kwa sekunde hutolewa kwa sekunde 4, kisha mapumziko ya sekunde 26, na mzunguko huo hurudiwa hadi itimie mipigo 3,000 kwa dakika zipatazo 37. Mgonjwa huhisi kugotwagotwa kichwani. Akimaliza hunyanyuka na kwenda zake, na anaweza hata kuendesha gari. Hurudi siku 5 kwa wiki, kwa wiki 4 hadi 6.

Sasa turudi kwenye kitambaa. Mgonjwa anayehudhuria kliniki kila siku kwa mwezi mzima, akipokewa vizuri na kuulizwa hali, anaweza kupata nafuu hata kama mashine haifanyi lolote. Kwa hiyo watafiti walitengeneza koili za kuigiza: zinalia, zinagonga ngozi ya kichwa, lakini haziufikii ubongo. Mgonjwa hajui amepewa ipi, wala anayempima hajui. Katika utafiti mmoja mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2010, wenye wagonjwa wapatao 190, asilimia 14 ya waliopata koili ya kweli waliondokewa na sonona, dhidi ya asilimia 5 ya waliopata ya kuigiza. Kwa hiyo sumaku ilifanya kazi. Ila ni vyema kusema wazi kwamba wengi hawakupona katika wiki zile za mwanzo. Hao walikuwa watu ambao dawa zilikuwa zimekwishashindwa kuwasaidia, na kwa wagonjwa wa namna hiyo hata tofauti ndogo ina thamani.

Baadaye mbinu ziliboreshwa. Mwaka 2018, utafiti wa Kanada wenye wagonjwa 414 ulilinganisha utaratibu wa dakika 37 na mipigo ya mafungu ya harakaharaka inayochukua dakika 3 tu. Matokeo yalilingana: karibu nusu ya wagonjwa katika kila kundi walipata nafuu kubwa. Mwaka 2021, Chuo Kikuu cha Stanford kilitoa matokeo ya vipindi 10 kwa siku kwa siku 5, koili ikielekezwa kwa ramani ya MRI ya kila mgonjwa. Asilimia 79 waliondokewa na sonona ndani ya wiki 4, dhidi ya asilimia 13 ya waliopata koili ya kuigiza. Matokeo hayo yanatia moyo, ila wagonjwa wote walikuwa 29 tu, na idadi hiyo haitoshi kuahidi watu uponyaji.

Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, iliidhinisha TMS kwa sonona mwaka 2008. Mwaka 2018 iliongeza ugonjwa wa fikra na vitendo vya kujirudiarudia, ule unaomfanya mtu anawe mikono mpaka ichubuke na bado asitosheke, na mwaka 2020 ikaongeza kuacha sigara. Orodha ni fupi kuliko matangazo ya baadhi ya kliniki.

Madhara ya kawaida ni kuumwa kichwa na ngozi ya kichwa kuwasha au kuuma, hasa siku za mwanzo. La kuogopwa zaidi ni degedege, ambalo hutokea kwa chini ya mgonjwa 1 kati ya 1,000. Mwenye kifafa lazima aseme mapema. Mwenye chuma au kifaa cha umeme kichwani, kama klipu ya mshipa wa damu au kifaa cha kusikia kilichopandikizwa, kwa kawaida hafai kabisa.

Wengi huichanganya tiba hii na shoti ya umeme iliyoanza Rome mwaka 1938. Shoti hutolewa mgonjwa akiwa amelazwa usingizi kwa dawa, hukusudia kuleta degedege, na inaweza kuvuruga kumbukumbu kwa muda. TMS haina usingizi wa dawa wala haigusi kumbukumbu. Lakini upole haumaanishi ubora kwa kila mtu. Mgonjwa aliyeacha kula, anayesikia sauti zisizokuwapo, au ambaye maisha yake yako hatarini hawezi kusubiri wiki 6, na kwake shoti bado ina nguvu zaidi.

TMS basi si mlango wa kwanza. Anayeanza kuugua sonona aanze na mazungumzo ya tiba na dawa. Fluoxetine na amitriptyline zimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani, na gharama yake haikaribii ya mashine. Takribani theluthi moja ya wagonjwa hupona kwa dawa ya kwanza. Walioshindwa na dawa mbili, kila moja kwa dozi kamili na kwa muda wa kutosha, ndio hasa wanaofaa kuifikiria TMS.

Kama wewe au ndugu yako mmeahidiwa tiba hii, popote mlipo, ulizeni kabla ya kulipa. Nani amethibitisha ugonjwa: daktari bingwa wa magonjwa ya akili, au mwenye mashine? Dawa zipi zimejaribiwa, kwa dozi gani, kwa muda gani? Je, kidole gumba kitapimwa siku ya kwanza? Je, mmeulizwa habari za kifafa na vyuma kichwani? Itakuwaje sonona ikirudi baada ya miezi kadhaa, kama inavyowarudia baadhi ya wagonjwa? Na msiache dawa mnazotumia bila daktari kusema. Ukiambiwa mashine hiyohiyo inatibu usonji, presha, utasa na nuksi, ondoka na hela yako.